Makombo ya Jikoni na Haki ya Maskini



Katika masomo ya falsafa tunatumia muda mwingi kuuliza maswali makubwa: kuwapo ni nini, wema ni nini, haki ni nini. Somo hili linayapeleka maswali hayo mahali ambapo hayafiki mara nyingi, yaani jikoni, na hasa kwenye ndoo ya makombo. Ndani ya ndoo hiyo kuna ugali wa jana, wali uliobaki sufuriani, nyanya zilizooza kabla ya kupikwa, maganda ya viazi na ndizi, na vifuko vya plastiki. Je, kuimwaga ndoo hiyo ni suala la usafi tu, au ni suala la maadili? Na kama ni la maadili, tunamkosea nani?

Wengi wetu tungependa kusema kwamba kutupa chakula ni tatizo la nchi tajiri. Takwimu zinatukatalia. Kadiri ya ripoti ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) iliyotolewa mwaka 2024, mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula kutoka madukani, kwenye migahawa na majumbani. Asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Ni wastani wa kilo 79 kwa kila mtu kwa mwaka, tukihesabu pamoja maganda na mifupa. Ripoti hiyo inaonyesha pia kwamba tofauti kati ya nchi za kipato cha juu na zile za kipato cha kati ni ndogo, kama kilo 7 tu kwa mtu. Hivyo basi, swali linatuhusu sisi pia, katika nyumba zetu, konventi zetu na seminari zetu.

1. Chakula ni nini?

Aristotle anatufundisha kwamba tunakifahamu kitu vizuri tunapojua sababu zake nne: sababu ya maada, sababu ya umbo, sababu tendaji na sababu ya lengo. Tuchukue sahani ya ugali. Maada yake ni unga na maji. Umbo lake ni ule mpangilio unaoufanya uwe ugali na siyo uji. Sababu tendaji ni mpishi, lakini nyuma yake wamesimama mkulima aliyepalilia, mwenye mashine aliyesaga, na aliyetafuta kuni au mkaa. Sababu ya lengo ni kumlisha binadamu.

Lengo ndilo linalotusaidia zaidi hapa. Ugali unapomwagwa shimoni, unga haukupotea peke yake. Kazi ya watu wote waliotajwa hapo juu imekatizwa kabla ya kufika ilikokuwa inakwenda. Ganda la ndizi ni jambo tofauti. Halikuwahi kuwa chakula cha binadamu, kwa hiyo kulitenga na ndizi si upotevu. Upotevu unaanza pale tunapolichanganya na plastiki, likashindwa hata kuwa mbolea.

Kutokana na hilo tunapata mgawanyo wa vitu vitatu ambavyo ndoo moja huvichanganya. Kuna chakula, ambacho lengo lake ni kuliwa na mtu. Kuna masalia, kama maganda na pumba, ambayo lengo lake linaweza kuwa mifugo au udongo. Na kuna uchafu halisi, usiofaa kwa mtu, mnyama wala shamba. Mtu akivipanga vitu hivi katika akili yake, jiko lake litaanza kubadilika.

2. Chakula ni cha nani?

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika Summa Theologiae, anajadili mali ya binafsi na kuweka tofauti yenye maana kubwa. Mtu anaruhusiwa kuwa na mali yake kwa upande wa kuitafuta na kuisimamia, kwa sababu kila mmoja hutunza kwa bidii zaidi kilicho chake. Lakini kwa upande wa matumizi, anapaswa kukiona kitu chake kana kwamba ni cha wote, ili awe tayari kuwashirikisha wenye shida. Baadaye anakwenda mbali zaidi: kile ambacho watu wanacho kwa ziada, kadiri ya sheria ya maumbile, ni stahili ya maskini.

Mtakatifu Basili Mkuu alikwisha kulihubiri jambo hilo karne nyingi kabla yake, alipofafanua mfano wa tajiri aliyevunja ghala zake ili ajenge kubwa zaidi. Kwake Basili, mkate unaoushikilia bila kuuhitaji ni wa mwenye njaa. Naye hayati Papa Fransisko, katika waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, anakumbusha kwamba chakula kinachotupwa ni kama kimeibwa kutoka mezani pa maskini.

Tuangalie neno hilo, kuibwa. Kosa la wizi ni kosa dhidi ya haki. Kama Thomas na Fransisko wako sahihi, basi anayetupa chakula kwa makusudi au kwa uzembe hakukosa ustaarabu tu, wala hakupungukiwa huruma tu. Ameigusa haki ya mtu mwingine, hata kama mtu huyo hamjui kwa jina.

3. Hoja zinazopinga na majibu yake

Thomas hakufundisha bila kusikiliza upande wa pili, nasi tufanye hivyo.

Hoja ya kwanza: nimekinunua kwa fedha yangu, kwa hiyo naweza kukifanyia nitakavyo. Jibu: fedha inakupa usimamizi wa kitu, haikiondolei kitu lengo lake. Anayenunua dawa zote za duka na kuzimwaga mtaroni amelipa kila kitu, lakini mgonjwa aliyekosa dawa hatasema kwamba hakukosewa.

Hoja ya pili: hata nikiimaliza sahani yangu, mwenye njaa hashibi. Jibu: ni kweli kwamba sahani ikishajaa, kuimaliza hakumsaidii mtu mwingine. Ndiyo maana haki inaanza kabla ya kupika. Unga ambao haujapikwa unaweza kumfikia jirani. Ugali uliochacha hauwezi. Zaidi ya hayo, chakula kinachooza dampo bila kupata hewa hutoa gesi ya methani, ambayo hunasa joto kwa nguvu kuliko hewa ya ukaa. Anayeumia kwanza mvua zinapobadilika ni mkulima anayetegemea mvua, na mara nyingi ndiye aliyekuwa amekilima chakula hicho.

Hoja ya tatu: kupima chakula ni ubahili, tena mila zetu zinatutaka tupike cha ziada kwa ajili ya mgeni. Jibu: katika Maadili kwa Nikomako, Aristotle anaweka ukarimu katikati ya vilema viwili, uchoyo upande mmoja na ubadhirifu upande mwingine. Mbadhirifu anaonekana kama mkarimu, lakini hatoi kwa mtu anayestahili, kwa wakati unaofaa na kwa kiasi kinachofaa. Sufuria inayobaki nusu kila usiku bila mgeni kuja haimkaribishi mtu yeyote. Anayepika cha mgeni na kujua tangu jioni nani atakula kiporo asubuhi, huyo ni mkarimu. Anayepika kingi ili asionekane maskini, huyo anajipikia sifa.

4. Mana na vikapu

Maandiko Matakatifu yana mafundisho mawili yanayokamilishana. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, Waisraeli waliagizwa kuokota mana kadiri ya mahitaji ya kila mmoja, kwa kipimo, siku kwa siku. Walioweka akiba hadi asubuhi waliikuta imeingia funza na inanuka, isipokuwa ile ya kuamkia Sabato. Waswahili husema akiba haiozi. Kuhusu fedha ni kweli. Kuhusu chakula kilichopikwa, mana inatufundisha vingine.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 6, Yesu anawalisha watu kama elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili. Baada ya wote kushiba, anawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki ili kisipotee chochote, nao wanajaza vikapu kumi na viwili. Aliyekuwa na uwezo wa kuzidisha mikate hakuona kwamba vipande ni vidogo mno kwake. Wingi wa neema haukuwa ruhusa ya kutupa.

Mana inafundisha kipimo kabla ya kula. Vikapu vinafundisha uangalifu baada ya kula. Jiko la Kikristo linahitaji yote mawili.

Hapa tuweke tofauti ili tusichanganye mambo. Baada ya Komunyo padre husafisha patena kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu katika chembe za Ekaristi tunamwabudu Kristo mwenyewe. Ugali wa mezani si Ekaristi, na hatuuabudu. Lakini mkono uliojifunza uangalifu altareni hauwezi kuwa wa kizembe mezani saa moja baadaye. Mtakatifu Benedikto aliliona hilo. Katika Kanuni yake, sura ya 31, anamtaka mtunza ghala aviangalie vyombo na mali yote ya monasteri kama vyombo vitakatifu vya altare.

5. Jikoni kwetu

Sasa tushuke kwenye matendo, tukifuata mpangilio wa malengo: kwanza mtu, kisha mnyama, kisha udongo, na mwisho kabisa shimo la taka.

Kupima. Nyumba nyingi hupika kwa macho. Chukua kikombe kimoja kiwe kipimo cha nyumba, hesabu vikombe vya mchele au unga unavyotumia, na angalia kinachobaki. Baada ya siku chache utajua familia yako inakula vikombe vingapi. Mezani, pakua kidogo na ruhusu kuongeza. Hili linahusu pia sherehe zetu za upadrisho, jubilei na harusi, ambako sahani hujazwa kama mlima na kuachwa nusu. Mhudumu akianza na kiasi kidogo na kumwambia mgeni arudi, hakuna anayeondoka na njaa.

Kutunza. Kilichotangulia kuingia ghalani kitangulie kutoka. Magunia ya nafaka yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na nafaka iwe imekauka vizuri kabla ya kufungwa. Viazi mviringo vikae gizani, kwa sababu mwanga huvigeuza kuwa vya kijani na kuvitia sumu. Nyanya zichambuliwe kila siku, zilizoiva zaidi zipikwe kwanza, maana moja iliyooza huharibu za jirani. Mboga za majani zisizowahi kuisha zinaweza kuchemshwa kidogo na kukaushwa, kama bibi zetu walivyofanya kwa majani ya kunde wakijiandaa kwa kiangazi.

Kutumia chote. Anayelima maboga ana mboga mbili, boga lenyewe na majani yake. Viazi vitamu vinatupa matembele, mihogo inatupa kisamvu kinachotwangwa na kupikwa vizuri. Mifupa hutoa supu. Unga wa dona hubaki na sehemu za punje ambazo sembe huziacha kinuni au mashineni, na pamoja nazo virutubisho vingi.

Mifugo. Makombo safi na maganda ni chakula cha kuku na nguruwe. Lakini kumbuka mpangilio wetu: kumpa nguruwe wali uliokuwa wa watu ni afadhali kuliko kuumwaga, ila si lengo lake la kwanza. Banda la nguruwe lisiwe kisingizio cha kupika bila kipimo.

Mboji. Masalia ya mboga na matunda, majani makavu, samadi na udongo kidogo hupangwa kwa tabaka kivulini, hunyunyiziwa maji yasilowe sana, na hugeuzwa kila baada ya wiki mbili hivi ili hewa ipite. Baada ya miezi kama mitatu hupatikana mbolea nyeusi isiyonuka. Usitie nyama, mafuta wala mifupa, kwa kuwa huita panya na mbwa. Asiye na shamba anaweza kutumia ndoo kuukuu iliyotobolewa na kupanda mchicha kwenye gunia. Papa Fransisko, katika waraka uleule, anaeleza jinsi maumbile yanavyofanya kazi kwa mzunguko, ambamo mabaki ya kimoja yanazaa uhai wa kingine. Mboji inatuingiza sisi katika mzunguko huo.

Plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tangu Agosti 2017, na Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019. Sheria imeondoa mfuko, lakini vifungashio vidogo bado vinajaa jikoni. Beba kikapu sokoni, na chupa yako unapokwenda kununua mafuta ya kupima. Tuache pia ile tabia ya kuwashia mkaa kwa plastiki. Moshi wake una sumu, na anayeuvuta kwanza ni mama aliyeinamia jiko na mtoto aliye mgongoni mwake.

6. Mipaka ya kuokoa chakula

Fadhila bila busara hugeuka kuwa kosa. Kuna chakula ambacho ni wajibu kukitupa.

Mahindi na karanga vyenye ukungu vinaweza kuwa na sumukuvu, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa nchini Kenya kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mwaka 2016 ikaua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Mahindi hayo asipewe hata ng'ombe, kwani sumu hupita hadi kwenye maziwa. Vilevile wali uliolala sufuriani usiku kucha katika joto unaweza kuwa na sumu ya bakteria isiyoisha kwa kupashwa moto. Kiporo ni chema kikipozwa na kuhifadhiwa mahali pa baridi ndani ya saa mbili. Asiye na jokofu apike kinachoisha. Kipimo ndilo jokofu lake.

Mpaka mwingine ni wa heshima. Tunaposema ziada ni stahili ya maskini, hatusemi maskini apelekewe kilichotushinda. Usichoweza kumpa mwanao, usimpelekee jirani ukakiita sadaka. Maskini si ndoo ya makombo.

7. Nani afanye kazi hii?

Mafundisho haya yote yanaweza kuishia kuwa mzigo mpya kwa mtu mmoja, yaani mama wa nyumba au msichana wa kazi. Tukimwambia apime, achambue, akaushe na ageuze mboji huku wengine tukisubiri sahani, tumepunguza taka kwa kuongeza dhuluma. Kanuni ya Benedikto, sura ya 35, inataka ndugu wahudumiane, na asiwepo anayesamehewa kazi ya jikoni isipokuwa kwa ugonjwa au jukumu zito. Watawa hao walikuwa wanaume. Baba anayebeba kikapu sokoni na kijana anayegeuza mboji hawajashushwa hadhi.

Kwa sisi mafrateri kuna jambo la ziada. Seminari zetu nyingi hupokea mahindi, maharage na mchele ambavyo waamini wamevileta kama matoleo. Katika gunia moja kuna debe la mjane na kikombe cha mtoto. Waswahili wanasema haba na haba hujaza kibaba. Sisi tunaokula kutoka kibaba kilichojazwa hivyo tunaweza kukimwaga kwa njia ileile, haba na haba, kijiko kwa kijiko, mlo kwa mlo. Atakayesimama kesho kuhubiri juu ya kulipa zaka anapaswa kuwa leo mtu ambaye mtoaji angeweza kuiona sahani yake bila kuhuzunika.

8. Zoezi na maswali

Kwa wiki moja, weka vyombo vitatu jikoni: kimoja cha chakula kilichobaki, kimoja cha masalia, kimoja cha uchafu. Kila jioni pima au kadiria kilichomo, uandike. Familia inayoona nusu kilo ya chakula kwa siku katika chombo cha kwanza ijue kwamba kwa mwaka ni zaidi ya kilo 180, karibu magunia mawili. Wiki ya pili, punguza kipimo cha kupikia, na kile kilichookolewa kabla ya kupikwa kiwekwe kando kwa ajili ya mtu mmoja mhitaji mnayemfahamu katika Jumuiya yenu Ndogo Ndogo.

Kisha mjadiliane katika Jumuiya au darasani:

a) Je, kutupa chakula kwa uzembe ni kosa dhidi ya haki, dhidi ya kiasi, au dhidi ya vyote viwili? Toa sababu.

b) Katika sherehe zetu za parokia, ni kiasi gani cha chakula kinapikwa kwa ajili ya wageni na kiasi gani kwa ajili ya sifa?

c) Ni nani nyumbani kwenu anayebeba kazi ya jikoni, na ni kazi ipi unaweza kuichukua wewe kuanzia wiki hii?

Tunaposali Baba Yetu tunaomba mkate wa siku, na tunauomba kwa ajili yetu sote. Mwenyezi Mungu atujalie kuupokea kwa kipimo, na kuutunza kama kitu kilichokabidhiwa kwetu kwa ajili ya wengine pia.